Tochi Niliyompa Idi

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa, kabla hujavuta kiti, ili usije ukaanza kunihurumia katikati ya njia halafu ukajuta.

Watu wananiita Profesa. Maprofesa wa namna yangu wako wengi mjini Nakuru, kwa hiyo hutanijua kwa hilo. Si kwamba nilisoma sana. Nilisoma jioni, baada ya kufunga duka, katika ukumbi wenye taa za karabai zilizokuwa zikiguruma kuliko mwalimu, mpaka nikapata cheti chenye muhuri. Siku niliyokipata nilikitembeza Bondeni nzima kama mtu anayetembeza ng'ombe wa mahari. Tangu siku hiyo hakuna swali lililonishinda. Ungeniuliza njia ya kwenda mwezini, ningekuelekeza, na hoteli ya kunywa chai ukifika nusu ningekutajia.

Hiyo ndiyo tabia yangu. Nikiona paka nasimulia chui. Lakini haya ninayokuambia leo sikuyatia chumvi. Ningefurahi kama yangekuwa na chumvi.

Nilikuwa muuzaji katika duka la Mhindi mmoja pale mjini. Tuliuza misumari, kamba, karai, rangi na tochi. Tochi zilikuwa upande wangu, na mimi nilizipenda kama mtu anavyopenda njiwa wake. Yangu mwenyewe ilikuwa ya mawe matatu ya betri, ndefu, ya bati linalong'aa. Nilikuwa nikiwaambia wateja kwamba ukiiwasha Bondeni, kuku wa Dundori wanaanza kuwika.

Rafiki yangu alikuwa Idi. Tulikua naye ua mmoja, tukala sinia moja, na mama yake, Bi Zuhura, alinichapa mara nyingi kuliko mama yangu mzazi. Bi Zuhura alikuwa mpishi wa harusi. Hakuna pilau iliyopakuliwa Bondeni katika siku zile ambayo haikupita mkononi mwake. Idi alikuwa mwanawe wa pekee.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Wakikuyu waliokuwa wakifanya kazi katika mashamba ya Wazungu walikuwa wamepakiwa malori na kurudishwa kwao, na mashamba yakabaki bila mikono. Mtaliano mmoja mwenye shamba la zabibu upande wa Ndabibi, ng'ambo ya ziwa la Naivasha, akaja mpaka Bondeni kutafuta mfanyakazi. Aliitwa Bwana Pietro. Yeye na mkewe, tuliyekuja kumwita Sinyora kama alivyomwita mumewe, walikuwa wakikamua zabibu zao na kutengeneza mvinyo wao. Walikuwa na chumba kikubwa cha wageni kuja kuonja, na vyumba vya kulala kwa wale wasiotaka kuendesha gari jioni.

Bwana Pietro alitaka Mwislamu. Alisema wazi pale nje ya msikiti, kwa Kiswahili chake cha shambani:

"Mutu ya zamani nakunywa sana. Mugeni kikombe moja, yeye kikombe mbili. Mimi nataka mutu hapana kunywa."

Watu wakacheka. Wengine wakasema hata kushika chupa ni dhambi. Bi Zuhura alikataa siku ya kwanza, akakataa siku ya pili. Siku ya tatu Idi akamwambia, "Mama, nitamimina tu. Sitaonja." Mama akamwapisha mbele ya majirani, mimi nikiwa mmoja wao. Idi akaapa kwamba tone halitapita kooni mwake. Mama akasema, "Ukivunja hiki kiapo, usirudi nyumbani hata ukiwa maiti."

Mama zetu wanasema hivyo. Hawajui maneno yao yanakwenda wapi.

Niliona shamba lile kwa mara ya kwanza Mhindi wangu alipomuuzia Bwana Pietro lori zima la chupa tupu, nikatumwa na dereva kuzipeleka. Springi ilikatika kabla hatujafika, tukajikokota mpaka pale, na dereva akaondoka kwenda Naivasha kutafuta nyingine. Nikalala siku mbili tatu katika chumba cha madereva wa wageni. Nikaona mambo.

Mizabibu ilipangwa mistari mpaka ilipokutana na mbingu, au ndivyo nilivyosimulia niliporudi. Nyumba ilikuwa ya mawe mekundu, na upepo wa ziwa ulipita humo kama mtu mwenye ufunguo. Katika chumba cha kuonjea kulikuwa na meza ndefu, na Wazungu kutoka Nairobi walikaa pale na bastola zao. Ndiyo, bastola. Kila mmoja aliiweka mezani kando ya glasi, hata akina mama, kwa sababu ya hofu ya siku zile.

Na Idi wangu alisimama pale na kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu, anamimina.

Sasa tazama wageni. Mtu anapewa glasi, anainusa, anavuta kidogo, anazungusha mdomoni kama anayesukutua asubuhi, halafu anatema katika ndoo ya shaba. Nikamvuta Idi pembeni.

"Hawa wanaumwa meno?"

"Nyamaza, Profesa. Ndiyo kuonja huko."

"Wametoka Nairobi kuja kutema mate Ndabibi?"

"Na kesho nitaiosha ndoo yenyewe. Wewe uliyesoma, niambie hiyo inaitwa kazi gani."

Tulicheka mpaka Sinyora akachungulia. Hakukasirika. Alitupa mkate na jibini, akamwambia Idi anifahamishe shamba.

Hapo ndipo Idi aliponipeleka kwenye handaki.

Ndivyo walivyoliita, handaki, lakini lilikuwa ghala la mvinyo lililochimbwa chini ya mlima. Unaingia kwa mlango mdogo, unashuka ngazi za mawe, unakata kona, halafu unafika chini penye matangi ya saruji ambamo zabibu mpya zilichachushwa, na nyuma yake mapipa ya mvinyo wa zamani. Hakuna dirisha. Mlangoni, juu, palikuwa na tundu ukutani na ndani yake sanamu ya mtakatifu wao. Chini ya sanamu, kisanduku cha mishumaa.

Sheria ilikuwa moja. Hakuna kushuka bila mshumaa. Unauwasha pale mlangoni, unaushika chini, karibu na magoti, unashuka nao. Sinyora mwenyewe alikuwa akijigusa kipaji cha uso, kifua na mabega kwanza, ndipo awashe. Na Bwana Pietro alimwambia Idi siku ya kwanza kabisa:

"Hapana ingia bila mushumaa. Mushumaa nakufa, wewe nakufa."

Idi aliniambia haya tukiwa tumechuchumaa pale mlangoni. Uso wake haukuwa wa mzaha tena.

"Kumimina nimejisamehe," akasema. "Nitatubu, nitarudi nyumbani nifungue kioski. Lakini hili la kuwasha mshumaa mbele ya sanamu, roho inakataa. Kila nikiuwasha naona kama mama yangu amesimama nyuma yangu. Niambie kweli. Hii ni ibada au si ibada?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kweli. Ningesema, muulize Bwana Pietro ni wa nini. Ningesema, ngoja tumuulize shehe tukirudi. Ningesema, mimi muuza misumari nitajuaje.

Nikakunja mikono kama jaji. Nikasema, "Idi, hiyo ni ibada mia kwa mia. Nimesoma habari zao. Wanaamini roho ya mtu imefungwa kwenye mshumaa, ukizimika na mwenyewe anazimika. Ni uchawi uliovaa viatu."

Sikuwa nimesoma popote. Nilitunga pale pale, na maneno yalipotoka yalikuwa matamu hata mimi mwenyewe nikayaamini.

"Sasa nifanye nini? Chini ni giza."

Nikatoa tochi yangu mfukoni. Nilikuwa natembea nayo mchana na jioni, kama wengine wanavyotembea na bakora. Nikamwekea mkononi.

"Chukua. Hii haina dini."

Akasita. Nikamwambia twende wote, tuone huo mshumaa utatuua vipi. Tukashuka, tochi mbele. Nilipiga kelele chini kule sauti ikarudi. Nilipiga kofi mapipa kama mtu anayenunua fahali. Tukapanda tukiwa wazima, tukicheka, na Idi akaigeuza tochi akaitazama jinsi inavyong'aa.

"Profesa," akasema, "umenitua mzigo."

Maneno hayo nimeyabeba mimi tangu siku hiyo.

Sikujua, na yeye hakujua, kwamba tulipona kwa sababu matangi yalikuwa matupu. Mavuno yalikuwa bado.

Idi alikuwa mwangalifu. Bwana Pietro akiwa karibu, alichukua mshumaa kama kawaida. Akiwa peke yake alitoa tochi chini ya kanzu. Nilipokutana naye Bondeni alipokuja kumsalimu mama, aliniambia amelala vizuri tangu siku ile. Bi Zuhura akatupakulia pilau sote wawili. Alisema mwanawe amenenepa roho.

Mavuno yakafika. Tukapakia chupa tena, tukaenda. Safari hii lori halikuharibika. Tulifika jua likiwa juu, watu wakiwa mistarini na vikapu, na hewa nzima ikinuka zabibu zilizopondwa. Katika chumba cha kuonjea walikuwepo wageni, wanaume wawili na mama mmoja, na bastola zao mezani. Walikuwa wanamsubiri Idi. Walikuwa wameomba mvinyo wa zamani, wa pipa la mwisho, na yeye ameshuka na jagi la kioo kuuchota.

"Idi chelewa," Bwana Pietro akaniambia, kama anaomba radhi.

Tukasubiri. Mmoja wa wageni akasema jambo kwa Kiingereza, wakacheka. Nililielewa. Alisema boi ameamua kuonja kwanza.

Bwana Pietro akaacha kutabasamu. Akatoka, nikamfuata. Mlango wa handaki ulikuwa wazi. Akainua mkono kwenye kisanduku cha mishumaa, akakitazama, akanitazama.

"Mushumaa yote iko," akasema. "Yeye naingia giza?"



Akawasha mmoja, akaushika chini ya magoti, akashuka, mimi nikiwa juu mlangoni. Kabla hajafika kwenye kona mshumaa ukazimika. Haukupeperushwa na upepo, kwa sababu hakukuwa na upepo. Ulinyong'onyea tu, ukawa uzi wa moshi. Bwana Pietro akarudi juu mbio, akinisukuma nje kwa kifua, akipiga kelele kwa lugha yake. Wafanyakazi wakaacha vikapu. Wakaja na magunia, wakapunga mlangoni kama watu wanaofukuza nyuki, wengine wakamwaga ndoo za maji kwenye ngazi. Bwana Pietro alifunga mshumaa kwenye kamba akawa anauteremsha. Ukizimika anauvuta, anauwasha tena. Aliurudia mpaka ukakaa.

Ndipo akauliza nani mwepesi wa kushuka. Nikasema mimi.

Walinifunga kamba kiunoni na kitambaa kilicholoa usoni. Mtu wa pili alikuwa nyuma yangu. Baadaye watu walinisifu kwa hili. Walisema nilikuwa shujaa, rafiki wa kweli. Nimesifiwa msikitini, nimesifiwa dukani. Kwa hiyo sikiliza vizuri kilichotokea.

Nilipokata kona niliona mwanga.

Tochi ilikuwa sakafuni, inawaka. Ilikuwa inawaka vizuri, haitetemeki, mawe yake mapya kabisa, imemulika ukuta na kipande cha kanzu na mkono wa Idi uliofunguka kiganja juu. Jagi lilikuwa limevunjika na mvinyo umemlowesha kutoka kifuani mpaka miguuni. Tangi la kando yake lilikuwa linachemka taratibu, kama sufuria ya maharagwe, bila moto.

Tochi haikuzimika. Ingewezaje kuzimika? Niliwahi kuwaambia wateja kwamba hii haizimiki hata ndani ya kaburi.

Na mkono wangu ulikwenda kwa tochi kwanza.

Huo ndio ukweli ambao sikuusema popote. Rafiki yangu amelala pale, na mimi niliinama nikaiokota tochi, nikaizima, nikaisukuma ndani ya koti. Ndipo nikamshika bega. Mtu wa pili alipokata kona alitukuta gizani, mimi nimemkumbatia Idi ninalia. Machozi yalikuwa ya kweli. Sijui kama zile pumzi chache nilizozipoteza zingemsaidia. Bwana Pietro anasema hapana, alikuwa amekwisha kufa. Bwana Pietro hajui kuna kitu nilichofanya kwanza.

Tulipomlaza nje juu ya nyasi, Sinyora alipiga magoti akamfumba macho. Mgeni mmoja akainusa ile kanzu kwa mbali, akasema, "Nilisema." Akarudi ndani.

Bwana Pietro alikaa chini kando yangu. Alizungumza kama anajieleza mbele ya hakimu.

"Zabibu nachemka, natoa hewa mbaya. Hewa nalala chini, kama maji. Mutu hapana ona. Mushumaa naona. Baba yangu nafundisha mimi, mimi nafundisha Idi. Kwa nini yeye naingia giza?"

Ndipo nikakumbuka. Ukumbini, chini ya zile karabai, mwalimu wetu aliwahi kuwasha mshumaa mezani akaufunika kwa glasi. Tukautazama ukinyong'onyea, ukawa uzi wa moshi, vile vile kabisa. Aliuliza kwa nini. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kupanda. Nilijibu kwamba moto unakula hewa ile ile tunayoipumua sisi, ikikosekana moto unakufa na mtu anakufa. Alinipigia makofi. Jambo hilo hilo lilikuwa katika mtihani, nikalipata, na kwa ajili yake nikapewa cheti nilichokitembeza mtaani.

Nilikuwa najua. Nilikuwa najua na sikuunganisha, kwa sababu siku ile mlangoni nilikuwa nashughulika kuwa Profesa.

Polisi alikuja, akauliza maswali. Akaniuliza kama marehemu alikuwa na taa. Nikasema sikuona taa. Tochi ilikuwa inanigusa mbavuni nilipokuwa nikisema.

Tulimleta Bondeni kwa lori letu lile lile, kati ya masanduku ya chupa. Waosha maiti hawakusema kitu, lakini kanzu ilisema. Kabla ya jioni mtaa wote ulikuwa unajua kwamba Idi wa Bi Zuhura amekufa ndani ya pombe. Amelewa, ameanguka handakini na jagi mkononi. Wengine wakaongeza kwamba alikutwa na mdomo kwenye bomba la pipa. Mimi bingwa wa kutia chumvi nilisikiliza wenzangu wakitia chumvi juu ya maiti ya rafiki yangu, na nikanyamaza.

Alizikwa. Watu walikuja, lakini walisimama kwa mbali kidogo, unajua vile watu wanavyosimama.

Siku ya tatu ya matanga Bi Zuhura aliniita chumbani. Macho yake yalikuwa makavu. Alinishika mkono.

"Mwanangu, wewe ulikuwa huko. Wewe ndiye uliyemtoa. Niambie mimi peke yangu. Alikunywa?"

Maisha yangu yote nimejibu maswali ambayo hayakunihusu. Nimejibu habari za nyota, za wafalme, za dawa ya tumbo. Swali hili moja nilikuwa na jibu lake mfukoni, la bati, na bado lina alama za vidole vyake. Ningesema hakunywa, alishuka na tochi yangu kwa sababu nilimwambia mshumaa ni uchawi.

Nikasema, "Sijui, mama."

Akaniachia mkono.

Baada ya hapo hakuitwa tena kupika harusi. Hakuna aliyemwambia asije, ila hakuna aliyemwita. Masufuria yake makubwa aliyainamisha ukutani kwa nje, mvua ikayapiga, kuku wakawa wanataga ndani. Kukiwa na maulidi alikaa nyuma ya mlango wake akasikiliza. Kila nilipopita nilimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Aliniita mwanangu kila siku, miaka hiyo yote.

Na ile tochi? Niliifungia sandukuni chini ya nguo. Jioni moja nilifungua sanduku nikaikuta inawaka. Mimi ndiye niliyeizima, kule chini, kwa mkono wangu. Nikasema labda nguo zimesukuma swichi. Nikaizima. Baada ya wiki nikaikuta inawaka tena. Nikatoa mawe nikayatupa jalalani. Bado nikifumba macho niliuona ule mwanga unatoka kwenye ufa wa sanduku, umetulia, hautetemeki. Dukani niliomba nihamishiwe upande wa kamba. Mteja akijaribu tochi ukutani nilitoka nje nikajifanya nakohoa. Nikiwa harusini macho yangu hutafuta taa ilipo kabla ya kumtafuta bwana harusi. Watu waliona nimepunguza maneno, wakasema elimu imenikomaza.

Juzi Bi Zuhura alikuja dukani mwenyewe. Sikuwa nimemwona pale hata mara moja. Amezeeka, anatembea akigusa kaunta.

"Profesa," akasema, na alikuwa anatania, "macho yangu yamekwisha. Nikitoka uani jioni najigonga. Nichagulie tochi nzuri. Wewe ndiye unayezijua."

Nilishika kaunta. Mwenzangu akamchagulia.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwake na ile nyingine ya sandukuni, nimeifunga kwenye leso. Alikuwa uani anachambua mchele. Nilikaa chini mbele yake nikamwambia yote, kuanzia mlango wa handaki mpaka ule mkono wangu. Hakunikatiza. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe madogo kwenye mchele, vikatafuta, mwishowe vikasimama.

"Ulipomkuta," akauliza, "ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka, mama."

"Kwa hiyo hakufa gizani."

"Hakufa gizani."

"Na hakunywa."

"Hakunywa. Aliogopa kukukosea wewe. Ndiyo maana akanisikiliza mimi."

Akaivuta leso, akaifungua kwa vidole, akaipapasa tochi kutoka kioo mpaka mkia. Niliomba anipige. Ningefurahi anipige kama zamani.

"Umekaa na hii miaka yote," akasema. "Na mimi nilikuwa namwomba Mungu kila alfajiri amsamehe mwanangu dhambi ambayo hakuifanya. Nimemsingizia mbele ya Mungu. Wewe umenifanya nimsingizie."

Niliomba radhi. Neno lenyewe lilisikika dogo, kama punje moja katika ule ungo.

"Radhi baadaye," akasema. "Waliosema Idi alikuwa mlevi hawakusema kwa kunong'ona. Na wewe usije ukanong'ona hapa uani kwangu ukaona umemaliza. Ijumaa, watu wakitoka kuswali, utasimama pale pale alipoajiriwa, useme. Kwa jina lako na jina la baba yako."

"Nitasema, mama."

"Tochi iache hapa."

Niliiacha. Hakuniita mwanangu nilipoondoka.

Leo ni Alhamisi. Nimeandika hapa kwanza ili nijifungie mlango wa kurudi nyuma, maana najijua, naweza kuamka kesho na homa ya kutengeneza. Ukisoma haya, Ijumaa itakuwa imekwisha kupita, na walio Bondeni watakuwa wamenisikia kwa jina. Ninyi wengine jina langu halitawasaidia kitu.

Kitakachowasaidia ni hiki. Kuna mtu anakwambia usishuke kisimani bila hiki, usifungue ghala bila kile, na anakwambia kwa Kiswahili kibovu, chini ya sanamu ya dini isiyo yako. Usiulize ni dini ya nani. Muulize ni ya nini. Na rafiki yako akikuuliza jambo usilolijua, kisha akakutazama kwa macho ya kukuamini, mwambie hujui, hata kama cheti chako kimetundikwa ukutani na mtaa mzima umekiona.

Neno "sijui" nimelitumia kujibu swali mara moja tu katika maisha yangu yote. Nilipaswa kulisema kwenye mlango wa handaki. Nikalisema matangani.

Jana jioni nilipita nyuma ya ua wa Bi Zuhura. Alikuwa ametoka nje na tochi. Sikujua kama ni ile aliyonunua au ni yangu, wala sikusimama kuuliza. Aliishika chini, karibu na magoti, akatembea polepole mpaka kwenye yale masufuria ya harusi yaliyoinama, akafukuza kuku, akaanza kuyageuza moja moja.